Mhariri, mkiandika namba tuambieni imepimwa kutoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yenu ya barua niseme jambo ambalo linaniumiza kichwa muda mrefu sasa, nalo ni hizi namba za spidi, urefu wa milima, joto na kina cha maji ambazo zinaandikwa magazetini bila kusema zimepimwa kuanzia wapi au zimelinganishwa na nini. Mimi nafundisha fizikia sekondari, wanafunzi wananiletea vipande vya magazeti wananiuliza mwalimu hii imekaaje, na mara nyingi namba yenyewe iko sawa kabisa, kinachokosekana ni ile sehemu ya kuanzia kupima, yaani sifuri yake iko wapi. Ikikosekana hiyo kila msomaji anaweka sifuri yake kichwani, alafu tunabishana wiki nzima wakati kila mtu anaongelea kitu chake.

Nianze na ndege. Februari 2020 ndege ya British Airways, Boeing 747, ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, na kuna muda spidi yake ilifika kama kilomita 1,327 kwa saa. Sasa kule juu zinakopita ndege za abiria sauti inasafiri kama kilomita 1,060 kwa saa hivi, kwahiyo mtu akiziweka hizo namba mbili pamoja lazima aamini kwamba ile ndege iliipita sauti. Haikuipita. Ile 1,327 ilipimwa kwa kulinganisha na ardhi iliyoko chini, na siku hiyo kulikuwa na dhoruba iliyoitwa Ciara, upepo wa juu ukawa unavuma kwa nguvu kuelekea kulekule inakokwenda ndege. Ukilinganisha na hewa iliyoizunguka, ndege ilikuwa kwenye mwendo wake wa siku zote, hewa yenyewe ndo ilikuwa inakimbia na kuibeba. Spidi mbili, ndege moja, muda uleule, na zote ni za kweli! Rubani anazihitaji zote mbili maana bawa linajali hewa tu, halijui habari za ardhi, ndo maana ndege inarukia upande unaotoka upepo: kama inahitaji hewa ipite kwenye mabawa kwa kilomita 250 kwa saa na upepo wa 40 unakuja usoni, basi kwenye lami inatosha kukimbia 210. Ila anayetaka kujua watafika saa ngapi anaangalia ile spidi ya ardhini.

Mabaharia wa zamani nao walikuwa hivyohivyo. Walikuwa wanatupa majini ubao uliofungwa kamba yenye mafundo, kamba inaachiwa, mafundo yanahesabiwa kwa muda maalumu, ndo mpaka leo spidi ya meli inapimwa kwa noti, yaani "knot" ya Kiingereza, maana yake fundo. Lakini ubao ule ulikuwa unaelea kwenye maji, na kama mkondo wa bahari unavibeba vyote viwili, meli na maji, kamba haiwezi kukwambia. Meli inayokata maji kwa noti 12 huku mkondo wa noti 3 unakuja mbele yake inasogea kwa noti 9 tu ukilinganisha na nchi kavu, na nahodha asiyejua hilo anaweza akadhani ameshavuka mwamba wakati bado yuko nyuma yake.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye suala la kuovateki maana hapa watu wanakufa, na naamini wengi wangepona kama wangefundishwa kuchagua vizuri wanalinganisha na nini. Chukua lori linakwenda kilomita 60 kwa saa na wewe unakwenda 80. Unaangalia spidomita inasomeka 80 unajisikia uko kasi, lakini spidomita inakupima na barabara. Ukilinganisha na lori wewe unakwenda 20 tu, ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa nguvu. Lori lina urefu wa mita 16, unatoka mita 20 nyuma yake na unarudi kwenye laini yako ukiwa mita 20 mbele yake, jumlisha na gari lako mita 4, hiyo ni mita 60 ambazo lazima uzimalize kwa ile spidi ndogo ya 20. Kilomita 20 kwa saa ni kama mita 5 na nusu kwa sekunde, kwahiyo utakaa upande usio wako karibu sekunde 11. Hesabu sekunde 11 kwa sauti uone zilivyo ndefu.

Hapo hapo badilisha, acha kulinganisha na lori rudi kwenye barabara. Kwa sekunde 11 hizo gari lako limetembea karibu mita 240. Na gari linalokuja mbele nalo likiwa 80 limetembea mita 240 zake. Kwahiyo ulihitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi, na hiyo ni ya kupishana pua kwa pua bila nafasi hata kidogo ya kupumua. Alafu dreva wa lori anaanza kushuka mteremko kidogo, lori linaongezeka kutoka 60 kwenda 70, yeye hata hajahisi kitu. Kwako wewe tofauti imeshuka kutoka 20 kwenda 10, yaani muda wako umekuwa mara mbili, sekunde 21 na ushee, na nafasi unayohitaji mbele inakaribia kilomita nzima. Spidomita yako bado inasomeka 80 ileile! Hakuna kitu kwenye dashibodi kitakachokwambia hatari imekuwa mara mbili, utaijua tu ukiangalia lori linavyorudi nyuma kwenye kioo cha pembeni taratibu kuliko ulivyotegemea. Nikifika hapa darasa zima linakuwa kimya. Hesabu yenyewe ni ya kutoa na kugawanya tu, hakuna fomula ngumu, ila naona mafunzo mengi ya udereva yanakomea kwenye vibao vya spidi na hii hayaigusi.

Kuna watu wataniambia basi mwalimu tuchague kitu kimoja ambacho kimesimama kabisa tupime kila kitu kutoka pale, mjadala uishe. Hakipo. Galileo alishalieleza hili mwaka 1632 kwa mfano wa meli: jifungie kwenye chumba cha chini cha meli, ning'iniza chupa inayodondosha maji tone tone kwenye chombo kilicho chini yake, weka na vipepeo wanaoruka. Meli ikisimama utaona matone yanaingia kwenye chombo na vipepeo wanaruka pande zote sawasawa. Meli ikianza kwenda kwa mwendo mmoja bila kuyumba, utaona vilevile kabisa, hakuna jaribio lolote la ndani ya chumba kile litakalokwambia kama mnakwenda au mmesimama. Mpaka uchungulie nje, yaani mpaka utafute kitu kingine cha kujilinganisha nacho. Wewe msomaji uliyekaa kwenye kiti, ukilinganisha na sakafu umetulia, ukilinganisha na mhimili wa dunia na kama uko ikweta unazunguka kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na ukilinganisha na jua dunia nzima inasafiri karibu kilomita 30 kwa kila sekunde moja. Mwaka 1887 wanasayansi wawili, Michelson na Morley, walijaribu kwa umakini mkubwa sana kupima mwendo wa dunia ndani ya kitu kilichodhaniwa kujaza anga lote, ili angalau kipatikane kitu kimoja kilichosimama, wakakosa tofauti ya spidi ya mwanga waliyoitafuta, na mwaka 1905 Einstein akajenga fizikia isiyokihitaji kitu hicho kabisa.

Kwahiyo sehemu ya kuanzia ni ya kukubaliana, sio ya kuokota. Tunachagua moja inayofaa kwa kazi, tunaitangaza, alafu wote tunashikamana nayo. Shida inakuja pale watu wawili wamechagua tofauti na hawajaambiana, au wameambiana lakini hawakuwa makini.

Mfano mzuri kabisa uko kwenye daraja la Laufenburg, juu ya mto Rhine, kati ya Ujerumani na Uswisi. Wote wanasema mita kadhaa kutoka usawa wa bahari, ila bahari ipi? Ujerumani vipimo vyake vya urefu vimetokana na usawa wa bahari wa Amsterdam, kaskazini huko, na Uswisi vyake vimetokana na Marseille kwenye Mediterania, kupitia jiwe moja lililoko ziwani Geneva ambalo wamelipa urefu wa mita 373.6. Hizo sifuri mbili zinatofautiana sentimita 27. Na mainjinia walilijua hilo tangu mwanzo, walishaliweka kwenye hesabu, isipokuwa pale pa kujumlisha wakatoa, kwahiyo badala ya tofauti kufutika ikawa mara mbili, sentimita 54. Ikagundulika mwaka 2003 kazi ikiwa inaendelea, ikabidi upande mmoja urekebishwe ili daraja likutane. Nchi mbili zenye mainjinia wazuri sana, vifaa vizuri sana, na kilichowaponza ni alama ya kujumlisha na kutoa kati ya sifuri mbili.

Milima ndo usiseme. Kila mtu anajua Everest ni mrefu kuliko yote, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepali na China mwaka 2020, na ni kweli, kutoka usawa wa bahari. Lakini ukianzia katikati ya dunia, mlima ulio mbali zaidi ni Chimborazo wa Ekwado ambao una mita 6,263 tu juu ya bahari, maana dunia imevimba pale ikweta, nusu kipenyo chake pale kinazidi cha kwenye ncha kwa kama kilomita 21, na Chimborazo umekaa karibu kabisa na ikweta wakati Everest uko mbali kaskazini. Ukianzia tena kwenye kitako cha mlima, Mauna Kea wa Hawaii unapita mita 10,000, sehemu kubwa iko chini ya maji, juu ya bahari zinaonekana mita 4,207 tu. Sasa gazeti likiandika "mlima mrefu kuliko yote" bila kuongeza maneno matatu manne ya kutoka wapi, mwanafunzi aliyesoma habari za Chimborazo atasema gazeti linadanganya, na aliyesoma gazeti atasema mwenzake kadanganywa.

Watu ambao mimi nawaheshimu sana kwenye hili ni mafundi ujenzi, wengi wao hawakukaa na vitabu vya fizikia lakini kanuni wanaiishi. Fundi mzuri akianza jengo anaweka alama moja kwenye nguzo, mstari mdogo tu, na ule mstari haufutwi mpaka kazi inaisha. Anachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, anaujaza maji, anahakikisha hakuna hata povu moja lililobaki maana povu likikaa katikati maji ya pande mbili hayawezi kulingana. Mmoja anashika ncha pale kwenye alama, mwenzake anakwenda na ncha nyingine nguzo ya pili hata kama iko nyuma ya ukuta, wanasubiri maji yatulie, alama inapigwa. Nguzo ya tatu anarudi kwenye alama ya kwanza. Ya nne anarudi kwenye ya kwanza. Kibarua mgeni ataona ni usumbufu, kwanini tusitoke nguzo ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya nne, mpira hautavutwa mbali. Ni kwa sababu kila kipimo kina kosa lake dogo, tuseme milimita 3. Ukiwa unarudi kwenye alama moja, kila nguzo ina kosa la milimita 3 basi. Ukiwa unatoka nguzo kwenda nguzo, makosa yanaweza kubebana, yakielekea upande mmoja ukifika kwenye kipimo cha 12 una milimita 36, sakafu imeinama upande mmoja, maji ya mvua yanakimbilia mlangoni badala ya kutoka nje. Na hapo kila kipimo kimoja kimoja ukikikagua kitaonekana kiko sawa.

Naombeni waandishi wa habari muichukue hiyo tabia ya fundi. Habari nyingi za namba zinaandikwa kwa mtindo wa nguzo kwenda nguzo: imepanda kuliko mwezi uliopita, imeshuka kuliko juzi, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua tumefika wapi kutoka pale tulipoanzia.

Kwenye joto hali ni mbaya zaidi. Niliwahi kusoma mahali kwamba joto limepanda mara mbili, kutoka nyuzi 10 mpaka nyuzi 20. Sifuri ya Selsiasi ni pale maji yanapoganda, imechaguliwa kwa urahisi wa watu, haina maana kwamba pale hakuna joto. Mwaka 1742 Celsius mwenyewe alianza kwa kuweka sifuri pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda, ikaja kugeuzwa baadaye, sasa kwa kipimo kile cha mwanzo siku ya joto ingekuwa na namba ndogo. Ukitaka kusema mara mbili lazima uanzie kwenye sifuri ya kweli ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya pale maji yanapoganda, na ukianzia huko zile 10 ni kama 283 na zile 20 ni 293, ongezeko halifiki hata asilimia 4. Na hii namba ya nyuzi 1.5 inayotajwa kila siku kwenye habari za tabianchi tangu makubaliano ya Paris ya 2015, imepimwa kutoka wapi? Ni juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, na kwa kawaida wanasayansi wanakipata kwa wastani wa miaka 1850 mpaka 1900. Mtabiri wa hali ya hewa naye akisema mwezi huu umezidi wastani kwa nyuzi 0.6 mara nyingi anaongelea wastani wa 1991 mpaka 2020, miaka ambayo dunia ilikuwa imeshapata joto tayari. Gazeti likiziweka 1.5 na 0.6 kwenye habari moja bila maelezo, msomaji anaona joto limepungua, na wapotoshaji wanapata pa kushika.

Na hata ile sehemu mliyokubaliana inaweza kuhama chini ya miguu yenu. Bara la Australia linasogea kama sentimita 7 kwa mwaka kuelekea kaskazini mashariki, ramani zao zilizofungwa kwenye mahesabu ya 1994 zikawa zimepishana na setilaiti karibu mita 1.8 ilipofika 2020, wakalazimika kutengeneza mfumo mpya, maana mita 1.8 kwa trekta linalojiendesha shambani ni kukanyaga mazao. Bahari nayo, kipimo cha ufukweni kimefungwa kwenye ardhi, kwahiyo kinapima bahari ukilinganisha na ardhi ya pale. Pwani za ghuba ya Bothnia, kati ya Sweden na Finland, ardhi bado inainuka baada ya kuondokewa na uzito wa barafu ya zamani, kuna sehemu inakaribia sentimita 1 kwa mwaka, kipimo kinasema bahari inashuka. Sehemu ambazo ardhi inazama, kama Jakarta, kipimo kinaonyesha bahari inapanda kwa kasi kuliko ilivyo. Bahari ni zilezile. Setilaiti wao wanapima kutoka katikati ya dunia ndo wanapata picha nyingine, na zote mbili zinahitajika, kwa mtu anayeishi ufukweni kinachomuhusu ni bahari na ardhi yake, kwa anayetaka kujua maji ya dunia yameongezeka kiasi gani anaihitaji ile ya setilaiti.

Namalizia na mafuriko kwa sababu hapo ndo ombi langu lilipo, Mhariri. Mkiandika "maji ya mto yamefika mita 4" msomaji anaelewa kina ni mita 4. Mara nyingi sivyo. Ile namba inasomwa kwenye mti wa kupimia uliosimikwa mtoni, na sifuri ya mti ule iliwekwa na waliousimika, inaweza kuwa juu ya sakafu ya mto, inaweza kuwa chini yake, na kila kituo kina sifuri yake. Mita 4 kituo cha juu na mita 4 kituo cha chini hazifanani kabisa, moja inaweza kuwa hali ya kawaida na nyingine maji yameshaingia vyumbani. Mtu anayeamua usiku abebe watoto ahame au alale hawezi kutumia mita 4 peke yake.

Kwahiyo ninachoomba ni hivi: kwenye kila habari ya mto unaojaa, pembeni ya namba ya leo wekeni jina la kituo iliposomwa, wekeni na namba ambayo mto pale unaanza kuvuka kingo zake, na wekeni ilisomeka ngapi jana saa kama hiyo. Wahusika wa vituo vya maji wanazo namba hizo, mwandishi akiwauliza watampa, na kwenye ukurasa zinachukua mstari mmoja.

Mwalimu wa fizikia, msomaji wenu wa kila siku